Dada wa Mwanza, milimita 88 zinakutosha: kuchagua skii za theluji mchanganyiko

Mwanza ina miji rafiki miwili yenye baridi kali: Würzburg ya Ujerumani, tangu 1966, na Tampere ya Ufini. Ongeza na wadada wanaokwenda Ujerumani na Austria kusomea uuguzi, kulea watoto wa wenyeji kwa mwaka mmoja au kumalizia shahada, utaelewa kwa nini swali la skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni na kuteleza juu ya theluji, linaulizwa hata huku Kirumba, ambako wengi hawamiliki hata sweta. Swali huja hivi: "Wenyeji wangu wananipeleka mlimani Februari, ninunue skii zipi?"

Jibu fupi: usinunue bado, kodi. Jibu refu ndilo hili, kwa sababu hata anayekodi hupewa achague, na asiyejua kuchagua hupewa zilizobaki stoo.

Ninazungumzia aina moja tu: skii za wanawake za mlima mzima. Ni jozi moja inayotakiwa kumudu njia iliyosawazishwa na mashine, theluji laini ya pembeni, na ile iliyovurugwa na watu ikifika saa nne asubuhi. Zipo za mbio, zipo za kupandia mlima kwa miguu, na zipo za nyika, ndefu na nyembamba, ambazo kisigino hakifungwi. Hizo sizigusi. Ila ukiwa Tampere na mwenyeji akasema twende tukateleze, muulize kwanza ni zipi, maana kule za nyika ndizo nyingi na ufundi wake ni mwingine kabisa.

Tuanze na theluji yenyewe. Ile mpya na kavu ni nyepesi ajabu: meta moja ya ujazo ina kilo 50 hadi 100 hivi, wakati maji ya ujazo huohuo ni kilo 1,000. Upepo, jua na uzito wake wenyewe huibana, ikafika kilo 300. Ya mwisho wa msimu, iliyolowa, hupita 400. Kwa hiyo mteremko mmoja unaweza kukupa theluji nne tofauti kabla ya chakula cha mchana. Asubuhi mashine imepita usiku, ardhi ina mistari midogo, imara, na skii yoyote yenye kingo kali inakata vizuri. Saa tano watu wameshaivuruga: marundo laini huku na huku, na katikati ya marundo barafu iliyokwanguliwa ikang'aa. Mchana upande unaotazama kusini umelowa, upande wa kivuli bado mgumu. Skii za mlima mzima zimebuniwa kwa ajili ya siku kama hiyo, ndiyo maana hazijabobea popote.

Machi na Aprili, masika inapotunyeshea huku, Alps hupitia mzunguko wa kuganda usiku na kuyeyuka mchana. Saa mbili asubuhi mteremko ni mgumu kiasi cha kutikisa meno. Kuanzia saa nne hadi saa sita juu yake panakuwa chembechembe zilizolowa kidogo, na hiyo ndiyo theluji rahisi kuliko zote kwa anayejifunza. Saa nane inanyonya skii, unasimama ghafla mwili ukiendelea mbele. Ratiba yako ya mwezi huo ipange kwa saa hizo, skii nzuri haitakuokoa na saa mbaya. Kuna pia theluji yenye ganda: juu imeganda, chini laini, na ganda linavunjika ukilikanyaga. Kwa theluji hiyo ya ganda hakuna skii ya kununua, rudi kwenye njia.

Sasa namba. Juu ya skii, karibu na mkia, utaona tatu zimefuatana, kwa mfano 126-88-110. Ni upana kwa milimita: mbele, kiunoni, mkiani. Ya katikati, kiuno, ndiyo ya kusoma kwanza, na watengenezaji wengi huiweka kwenye jina lenyewe la modeli. Za wanawake za mlima mzima huanzia kama 80 hadi 100.

Kishawishi ni kuchukua pana, kwa kuwa picha zote za matangazo zinaonyesha mtu amezama kiunoni katika theluji ya unga. Angalia lakini kinachotokea chini ya mguu. Soli ya buti kwa mbele ina upana wa karibu milimita 70. Skii yenye kiuno cha 70 ina ukingo wake chini ya soli kabisa, ukiinamisha mguu inauma barafu papo hapo. Yenye kiuno cha 100 ukingo wake uko milimita 15 nje ya soli kila upande. Kuilaza kwenye barafu ni lazima kifundo cha mguu na goti vifanye kazi ya wenzo, kona baada ya kona, siku nzima. Wanawake huumia kano ya goti katika mchezo huu mara nyingi zaidi kuliko wanaume, kwa hiyo goti lisibebeshwe kazi isiyo ya lazima. Waangalie wanaoshindana: Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018, alikuwa mtu wa mbio, na skii za mbio huwa na kiuno chini ya milimita 70, kwa kuwa njia za mbio humwagiwa maji ziwe barafu.

Na kuhusu kuelea juu ya theluji laini, hesabu inampendelea mwanamke. Chukua skii ya sentimita 164 yenye wastani wa upana wa sentimita 10.5, ambao ndio unaupata kwa kiuno cha 88 hivi. Jozi inakupa sentimita za mraba 3,444. Dada wa kilo 62, akiwa na buti, nguo na mkoba, ni kilo 70. Hiyo ni gramu 20 na kidogo kwa kila sentimita ya mraba. Mwanaume wa kilo 85, ambaye akivaa anafika 95, akitaka mgandamizo huohuo kwenye skii ya sentimita 180 atahitaji wastani wa upana wa sentimita 13. Ni skii pana sana hiyo. Yeye ana sababu ya kutafuta upana, wewe huna. Ushauri wa "chukua 100 na kuendelea" unaousikia kwa shemeji aliyeko Kanada ni sahihi kwa mwili wake.

Mahali napo pana sauti. Tampere na kusini ya Ufini vilima ni vifupi, theluji nyingi ni ya mashine, baridi inaikaza: 75 hadi 82 inatosha, hata ukichukua ya njia tupu hutajuta. Kutoka Würzburg watu hushuka kusini kwenda Bavaria ya milimani na Austria: 84 hadi 90, na hapo ndipo 88 inakaa. Vermont na Quebec, barafu kwa wingi, 80 hadi 88. Colorado na Utah theluji ni kavu na nyingi, 92 hadi 98 ina maana. Pwani ya British Columbia na Washington inanyesha nzito yenye maji. Upana ni huo wa Colorado ila skii iwe ngumu zaidi, vinginevyo theluji inaisukuma pembeni. Hokkaido, Japani, ndiko pekee ambako ningemwambia dada wa kilo 60 apite 100 bila kumwuliza mara mbili.

Kanuni yangu ni kuchagua kwa ajili ya theluji mbaya utakayokutana nayo mara nyingi. Siku ya unga ikija, kodi pana kwa siku hiyo.

Urefu. Simamisha skii mbele yako: anayeanza, ncha ifike kidevuni, anayegeuka tayari huku skii zikiwa sambamba, puani, anayekwenda kasi, kati ya nyusi na paji la uso. Lakini skii haijui urefu wako, inahisi uzito wako. Dada wa sentimita 163 na kilo 60 anayegeuka vizuri afuate vipimo hivyo. Mwenzake wa urefu huohuo mwenye kilo 82 aongeze sentimita chache, na achague yenye karatasi ya chuma ndani, maana laini itakunjika chini yake na mkia utakuwa unateleza nje kwenye kila kona. Muuzaji akikupimia urefu bila kuuliza kilo, zitaje mwenyewe. Zinahitajika pia kwenye baindingi, kile kifungio kinachoshika buti juu ya skii, na hapo kudanganya kunavunja mguu.

Kuna nusukipenyo cha kona, kinaandikwa kwa meta, 13 hadi 17 kwa skii nyingi za kundi hili. Namba ndogo hupenda kona fupi. Usikeshe nayo.

Umbo la pembeni ndilo linalostahili muda wako, na linapimwa dukani kwa mikono tu. Chukua jozi, zigeuze zitazamane sakafu kwa sakafu, yaani upande wa chini unaogusa theluji, zishike wima mwangani. Ukiona nafasi katikati na zinagusana karibu na ncha mbili, hiyo nafasi ni upinde. Ukisimama juu yake upinde hubanwa, na ukingo mzima unagandamizwa kwenye theluji ngumu. Ndio unaokupa mshiko wa asubuhi. Halafu bana katikati kwa kiganja mpaka zigusane, utazame mbele. Zikianza kuachana sentimita 20 au 30 kabla ya ncha, hiyo ni roka: mbele ya skii inainuka mapema, kama omo wa mtumbwi wa wavuvi wa Igombe unavyoinuka ili upande wimbi badala ya kulichoma. Roka huipandisha skii juu ya marundo na theluji laini. Gharama yake ni kwamba sehemu iliyoinuka haigusi barafu, kwa hiyo skii ya 164 yenye roka kubwa mbele na nyuma, kwenye njia ngumu, inashika kwa urefu wa skii fupi zaidi. Kwa hizo ongeza sentimita 5 hivi kwenye urefu. Kwa theluji mchanganyiko ninapendelea roka ya wastani mbele, upinde chini ya mguu, na mkia ulioinuka kidogo tu. Mkia ulioinuka sana ni raha ukigeuka taratibu, lakini mwisho wa kona kwenye barafu unakuacha bila kitu cha kuegemea.

Ndani ya skii kuna kiini cha mbao, popula mara nyingi, kikichanganywa na biichi kwa nguvu au paulonia kwa wepesi, kikafungwa kwa faiba na gundi ya epoksi. Waliokwishaona boti za faiba zikitengenezwa hapa ziwani wanaijua kazi hiyo. Juu ya hapo baadhi huongezwa karatasi nyembamba ya Titanal, ambayo ni aloi ya aluminiamu kutoka Austria, na ndiyo ninayoiita chuma. Inatuliza mtetemo. Kwenye barafu iliyokwanguliwa, skii yenye Titanal inanyamaza, isiyo nayo inapiga kelele na kurukaruka. Lakini ni nzito, na haimsamehe anayechelewa kuhamisha uzito. Nyuzi za kaboni huipa skii ugumu bila uzito, ila mtetemo unabaki. Kwa mwenye kilo chini ya 60 ambaye bado anajifunza, chuma kamili ni mzigo. Kipande cha Titanal chini ya mguu tu kinatosha.

Je, za "kike" ni za kike kweli? Nusu. Modeli nyingi hutoka kwenye kalibu moja na ya kiume: Black Pearl ya Blizzard na Brahma ya zamani, Santa Ana ya Nordica na Enforcer, Secret ya Völkl na Mantra. Kinachobadilishwa ni kiini chepesi zaidi, chuma kidogo au kipande, urefu mfupi unaopatikana, na mara nyingi alama ya kufungia baindingi kusogezwa mbele kidogo ili mtu asikalie mkia. Hayo yana maana kwa mtu mwepesi. Maua na rangi ya waridi havigeuzi skii. Dada mrefu, mzito, mwenye miguu iliyokomaa kwa ngazi za mawe za Mabatini na Bugando, asione haya kuchukua ya kiume yenye urefu wake.

Kwa majina, Black Pearl 88 ndiyo ya kumwelekeza mtu asiyejua aanzie wapi: haishangazi popote na haikwami popote. Santa Ana ina karatasi ya chuma na inatulia kwenye theluji iliyovurugwa, inamfaa mwenye kilo kidogo. Secret ni ngumu, ni ya mwenye nguvu na kasi. Ripstick 94 W ya Elan, kiwanda cha Begunje kule Slovenia, ni nyepesi na imetengenezwa kwa kulia na kushoto. Ukingo wa ndani na wa nje si sawa, alama zimeandikwa juu, na ukizibadilisha miguu utashangaa kwa nini hazishiki. Pandora ya Line ni ya wapenda theluji laini, kwenye barafu inalalamika. Vipimo hubadilishwa kila baada ya misimu michache, kwa hiyo soma namba kwenye skii iliyo mbele yako, usiamini jina.

Bado hatujafika kwenye kitu cha muhimu kuliko skii, nacho ni buti. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua buti na uendelee kukodi skii. Buti hupimwa kwa urefu wa mguu kwa sentimita: mguu wa sentimita 24.5 unavaa 24.5, basi. Toa buti laini la ndani, ingiza mguu kwenye ganda tupu la plastiki, sogeza mbele mpaka vidole viguse, kisha pima nafasi nyuma ya kisigino. Sentimita 1.5 hadi 2 ni sawa. Zikifika 3, buti ni kubwa, na maduka ya kukodisha hupenda kutoa makubwa kwa sababu hakuna anayelalamika akiwa bado dukani. Rudisha la ndani, funga bizimu (vifungo vya buti), simama wima: vidole viguse kidogo. Sukuma goti mbele: virudi nyuma. Soksi moja, nyembamba, ndefu. Soksi mbili ndizo zinazoleta malengelenge na baridi, kwa kuwa damu haipiti.

Ugumu wa buti za wanawake ni 70 hadi 110. Anayeanza 70 au 80, wa kati 85 hadi 95. Hakuna kipimo kimoja kwa makampuni yote, 90 ya huyu ni 80 ya yule. Upana wa ganda ni kuanzia milimita 97 hadi 103 hivi. Mguu uliozoea kandambili umetanuka, usiingie kwenye 98 kwa sababu ya jina zuri. Misuli ya nyuma ya mguu wa mwanamke hushuka chini zaidi, ndiyo maana shingo ya buti la kike ni fupi na pana. Likikubana pale, liko la kupanuliwa kwa joto au lenye kipande cha kurekebisha nyuma, uliza. Maumivu ya ugoko kwa kawaida yanatokana na buti lililolegea, mguu unapiga mbele na nyuma. Kaza bizimu za juu kabla ya kulaumu ubora.

Baindingi inashika buti na inatakiwa kuliachia ukianguka. Namba iliyo kwenye kidirisha chake inatokana na vitu vitano: uzito, urefu, umri, urefu wa soli kwa milimita na aina yako ya uteleza, 1 kwa mwangalifu, 2 wa kati, 3 wa kasi. Urefu wa soli umechongwa ubavuni mwa buti, karibu na kisigino, kitu kama 295 au 305. Ukisema 3 kwa aibu ya kusema 1, baindingi haitaachia na goti ndilo litakaloachia. Usiirekebishe kwa bisibisi ya nyumbani. Fundi ana jedwali la kimataifa na mashine ya kuthibitisha. Kagua vitu viwili mwenyewe. Breki, ile mikono miwili inayoshuka skii ikichomoka, iwe pana kuliko kiuno kwa milimita chache hadi 10: kiuno 88, breki 90 au 95. Ikiwa ya 115 itakwaruza theluji kila unapoinama. Na soli: buti zenye alama ya GripWalk zimepinda kidogo chini ili zitembeke, zinahitaji baindingi inayozikubali. Ukizilazimisha kwenye ya zamani zinaingia na kufunga, mlio unasikika vizuri kabisa, ila kuachia kwake hakuna uhakika tena.

Mavazi usinunue kule, utalia. Kwenye soko letu la Mlango Mmoja majaketi ya skii huja kwenye marobota ya mitumba, na wauzaji wengi huyaita ya bodaboda tu. Utalitambua kwa sketi ya ndani yenye lastiki kiunoni ya kuzuia theluji, na kimfuko kidogo kwenye mkono wa kushoto cha kadi ya lifti ya kupandia mlimani. Ligeuze ndani nje. Kwenye mishono kuna utepe uliobandikwa kwa joto. Ukibanduka kwa ukucha, maji yatapita. Kitambaa cha ndani kikitoa unga mweupe au magamba, utando wa kuzuia maji umekufa, acha hata wakipunguza bei. Dondosha maji begani: yakibaki matone, sawa, yakilowa tu juu huku utando ukiwa mzima, dawa ya kupulizia itarudisha. Suruali kagua chini ndani ya mguu, pale kingo za skii hukata.

Buti za plastiki na helmeti usiziguse huko. Plastiki ya buti la zamani huzeeka hata likikaa bure kabatini, joto likiharakisha, na huweza kupasuka vipande siku ya kwanza ya baridi. Helmeti iliyogongwa mara moja huonekana nzima kwa nje. Tafuta mpya yenye alama ya EN 1077.

Skii zilizotumika zinafaa, tena sana, kwa kuwa mpya za kundi hili huwa kwenye mamia ya dola bila hata baindingi. Zilaze, ziangalie kwa mstari wa jicho. Pitisha ukucha kwenye kingo za chuma mzunguko mzima: ufa mdogo mmoja unavumilika, ukingo uliong'oka au kuvimba pembeni yake maana yake maji yameingia na mbao inaoza. Ukingo mpya una unene wa milimita 2 hivi. Ukibaki chini ya 1 hautanoleka tena. Mikwaruzo ya sakafu hujazwa kwa plastiki ya kuyeyusha, ila shimo linaloonyesha mbao ni mjadala wa bei. Hesabu matundu yaliyozibwa chini ya baindingi. Seti mbili za zamani na ya tatu ikiwa karibu nazo, skrubu hazitakuwa na mahali pa kushika. La mwisho, na linalowaponza wengi: watengenezaji hutoa kila mwaka orodha ya baindingi ambazo mafundi wanaruhusiwa kuzirekebisha. Ya zamani isiyo kwenye orodha, fundi ataikataa hata ukimlipa mara mbili. Muulize kabla hujatoa hela.

Kwa anayetaka kujaribu kabla ya safari ndefu: ndege nyingi zinapitia Dubai, na Ski Dubai iko ndani ya jengo la maduka tangu 2005. Kila kitu kinakodishwa, theluji ni ya mashine, ngumu, na mteremko ni mfupi, kwa hiyo omba nyembamba. Barani kwetu kuna Afriski ya Lesotho, kilele chake meta 3,222, msimu Juni hadi Agosti, na Oukaïmeden ya Moroko kwenye milima ya Atlas. Urefu kutoka usawa wa bahari usikutishe sana. Ziwa letu liko meta 1,134, juu kuliko mji wa Chamonix ulioko 1,035.

Matunzo ni nta na tupa. Pembe ya kawaida kwa skii hizi ni digrii 1 chini na 2 pembeni. Noa pembeni tu, skii imebanwa kwenye jiliwa, tupa ikiwa ndani ya kishikizo chake cha pembe, ukivuta upande mmoja kutoka mbele kwenda mkiani. Ukigusa upande wa chini bila kifaa umeharibu pembe, na kuirudisha ni kazi ya mashine. Nta huyeyushwa kwa pasi isiyo na mashimo ya mvuke, nyuzi 120 hadi 140 kulingana na nta. Ikitoa moshi, punguza. Pasi isisimame mahali, itaunguza sakafu. Acha ipoe nusu saa, kwangua kwa kikwangulio cha plastiki mbele kwenda nyuma, kisha brashi. Sakafu ikianza kuwa nyeupe na kavu karibu na kingo, imekwisha nta.

Na ukirudi nazo nyumbani, unyevu wa ziwa utakula kingo. Zikaushe, paka nta nene mpaka ifunike chuma na usiikwangue, zifunge mikanda miwili bila kuzibana katikati, zilaze chini ya kitanda. Paani chini ya bati usiweke, gundi haipendi joto lile. Buti zifunge bizimu zote kwa kulegea ili ganda lisibadilike umbo, na la ndani likauke kabisa kwanza. Kibano cha baindingi wengine hukilegeza kwa miezi ya kukaa. Ukikilegeza, bandika kipande cha karatasi chenye namba yako juu ya skii, na fundi aithibitishe tena kabla hujapanda lifti.